Nendeni Mkamsaidie Kupika

Dar es Salaam
Jumatatu, 5 Mei 2025

Shangazi Blandina, shikamoo.

Jiko la kanisa litafungwa mwisho wa Juni na banda lake litakodishwa kuwa stoo. Mchungaji Eliakimu ndiye aliyesema hivyo jana baada ya ibada ya pili. Hakutangaza madhabahuni, alituita pembeni sisi wanakamati wa diakonia, tunaopika kila Jumamosi, kanzu yake ikiwa mkononi. Alisema baraza la wazee liko tayari kubadili uamuzi kama watu watarudi kula kabla ya tarehe hiyo.

"Vicky, siku hizi mnampikia nani?" aliniuliza.

Nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa mwingine, maana jiko lile ni lako. Simu huisikii, na ujumbe wa simu unasema umeandikwa na sisimizi, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la Moshi kama kawaida.

Hali ni hii. Jumamosi iliyopita tulipika wali, maharage na nyama. Nyama alichinja Abubakary wa buchani kama ulivyotuachia, kwa hiyo tatizo si hilo. Wapagazi wa sokoni walipita na mikokoteni yao, wakatusalimia vizuri, wakaendelea. Wajane wa Mtaa wa Likoma hawakuja kabisa. Chakula tulikula wenyewe, tumevaa fulana za kamati, tunatazamana.

Tangu uhamie Machame mwaka jana nimejitahidi kuboresha mambo. Tuna jiko la gesi na sahani mpya. Kuna bango kubwa la rangi pale getini, siku ukiliona utafurahi, sisemi zaidi. Nimeondoa pia ule usumbufu wa zamani wa bibi kuja na nazi, mwingine ndimu mbili, mwingine mkaa kwenye mfuko. Niliona ni aibu kanisa kumpokea maskini ndimu zake. Nikawaambia kwa upole kabisa, "Bibi, usilete kitu, wewe njoo ule tu."

Hata shoga yako Bi Husna haji. Nilikutana naye Mtaa wa Sikukuu, akasema ni miguu.

Shangazi, wewe ulikuwa unapika nini?

Mwanao,
Vicky


Machame
12 Mei 2025

Mwanangu Vicky, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Tatizo ni chakula. Nakwambia kwa sababu mimi nililifanya kosa hilo kabla hujazaliwa. Ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Maji ya bonde la Jangwani yalipanda, maduka yakafungwa, mikokoteni ikasimama. Wapagazi walijibanza barazani kwa kanisa wamejifunika viroba vya sukari. Mimi nilikuwa nauza dukani na mjomba wako, nikawa nawaona kila nikipita. Nikamwomba mchungaji wa wakati ule banda la nyuma, nikabeba sufuria kutoka nyumbani.

Jumamosi ya kwanza nilipika mtori. Nikasimama mlangoni na upawa: "Karibuni!" Wakajibu, "Ahsante mama, tumeshiba." Hawakuwa wameshiba, nyuso zilionyesha. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Mtori tukaula nyumbani mpaka mjomba wako akasema, "Mama Allen, huduma yako inatunenepesha sisi." Jumamosi ya tatu niliacha mtori, nikapika wali. Wakaja. Walijaa mpaka nje, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, cha shukrani. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu wa pwani humpi ndizi iliyopondwa.

Kwa hiyo tazama wali wenu. Je, una nazi ya kutosha? Gesi ina haraka, wali wa nazi hautaki haraka. Nikifumba macho bado namsikia Husna amekaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi, anasimulia habari za mtaa mzima bila kuinua kichwa, na Fikirini mpagazi anapitisha mkokoteni na kupaza sauti, "Bi Husna, usitukunie na vidole!" Huku Machame kumetulia mno. Asubuhi nasikia ng'ombe wa jirani, na hapo habari za siku zimekwisha.

Miguu ya Husna naifahamu. Imepanda ngazi za hospitali ya Mnazi Mmoja kuwapeleka watu wengine kliniki ya macho. Nitamwandikia mwenyewe.

Shangazi yako,
Blandina


Machame
12 Mei 2025

Shoga yangu Husna,

Salamu kwako, kwa mwanao Hashimu na wajukuu.

Unaringa. Vicky anasema miguu inakuuma, mimi nasema unaringa. Mwenzio niko huku mlimani na sweta mbili, wewe uko hatua chache tu kutoka jikoni na hutaki kwenda.

Jiko linataka kufungwa, Husna. Mchungaji amesema mwisho wa Juni. Nimemwambia Vicky kosa ni la wali, na wewe ndiye wa kumfundisha. Nenda ukae pale na mbuzi yako. Watu wakikuona watakuja. Wapo wenye shida wengi Kariakoo, tena kuliko zamani, na lile jiko wanalihitaji.

Vicky amenieleza pia habari za bango getini. Nimefurahi sana. Ni jambo zuri watu wajue.

Nijibu upesi. Wewe ukinyamaza mimi huwa nakonda, na kukonda kwenyewe sina tena pa kukondea.

Wako,
Blandina


Kariakoo, Mtaa wa Likoma
21 Mei 2025

Kwa Mama Blandina,

Barua yako imefika. Tunashukuru kwa salamu. Hashimu na watoto hawajambo.

Kuhusu jiko, miguu kweli hainiruhusu. Nawaombea wote mnaotoa, Mungu awazidishie. Sisi wahitaji kazi yetu ni kushukuru.

Nimefurahi kusikia kwamba bango limekupendeza.

Barua hii anakuletea Abubakary, anakuja Moshi kufuata parachichi.

Husna binti Omari


Machame
29 Mei 2025

Vicky,

Husna ameniandikia barua fupi kuliko risiti ya duka. Ameniita "Mama Blandina". Tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo. Mbele ya watu ananiita Mama Allen, tukiwa wawili ananiita Mchaga wangu, akikasirika ananiita wewe mwanamke. Amejiita muhitaji. Mwishoni ameweka na jina la baba yake, kana kwamba anaandika mahakamani.

Hasira ya Husna naifahamu, ina kelele. Hii haina kelele, na inanitisha. Kufungwa kwa jiko kungeniuma, lakini hili linaniuma zaidi. Siwezi kufa Husna akiwa ananiandikia hivi.

Abubakary nilimuuliza, akatazama parachichi zake. Akasema, "Mama, mimi mtu wa bucha."

Idi inakuja. Nenda ukampe mkono. Usivae fulana ya kamati. Usimuulize chochote. Kaa tu, mpaka akuambie mwenyewe.

Shangazi


Dar es Salaam
Jumatatu, 9 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Nilikwenda juzi, siku ya Idi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, bila kupunguza.

Nyumba ya Bi Husna sasa iko katikati ya maghorofa mawili, jua linaingia uani kwa zamu. Watu walikuwa wengi, wamekaa mikekani: wajane wale wa Likoma, na wapagazi kadhaa wamevaa kanzu, nikashindwa kuwatambua bila mizigo. Nilibisha hodi.

"Karibu," akasema Bi Husna. "Umekuja na kamera?"

"Hapana, bibi. Shikamoo. Nimekuja kukupa mkono wa Idi."

"Marahaba. Mkono wenyewe una nini?"

Nikatazama mkono wangu. "Hauna kitu."

"Hata ndimu?"

"Hata ndimu."

"Basi kaa ule, muhitaji."

Watu wakacheka. Fikirini alicheka mpaka akaweka glasi chini. Nikapewa sahani ya pilau, imejaa, nyama juu, na kila mtu akawa ananitazama kwa wema. Wema huo, Shangazi, sijui nikuelezeje. Wali haukushuka. Nilitamani nitoke nje niende nikanunue hata kiberiti.

Nikainuka. "Bi Husna, nipe kazi."

"Umeshiba?"

"Sijala. Nipe kazi kwanza."

Akanionyesha karo, sahani zimerundikana. Nikaosha. Nilipomaliza nikarudi kwenye sahani yangu, na ikalika. Hapo ndipo Fikirini akasema, "Sasa umeelewa, sista? Tatizo halikuwa wali. Wali wenu mzuri tu, harufu ilikuwa inatufuata mpaka Mtaa wa Kongo, tunameza mate. Ila mimi naitwa Fikirini. Muhitaji sijawahi kuitwa, hata na mama mwenye nyumba."

Lazima sasa nikwambie bango linasemaje. Nililiandika kwa nia ya kukuenzi. Limeandikwa MEZA YA MAMA BLANDINA, na chini yake, CHAKULA CHA BURE KWA WAHITAJI WA KARIAKOO. Picha ni ile uliyonipa ulipokuwa unahama, wewe na Bi Husna jikoni, wewe umeshika upawa, yeye amenyoosha sahani. Sikuwa na nyingine yenye nyinyi wawili. Mchoraji aliikata ili herufi zitoshe. Imebaki sura yako unatabasamu, na Bi Husna anakunyooshea sahani.

Wajukuu zake wanapita pale kila siku kwenda madrasa. Mmoja aliulizwa na wenzake kama bibi yake ni ombaomba.

Bi Husna hakusema lolote kuhusu picha. Aliyesema ni Hashimu, aliponisindikiza mlangoni. Mama yake anaamini uliichagua wewe. Barua yako ilisema bango limekufurahisha.

Kuna na jingine. Nilimwambia Bi Husna ulivyonieleza, kwamba watu walianza kuja ulipoacha mtori.

"Hajui mpaka leo?" akasema.

Akanieleza. Zile Jumamosi mbili za kwanza aliona watu wanakukwepa. Alijua wana njaa, na alijua hawataingia kanisani kula cha bure. Akapita nyumba kwa nyumba, na kwenye mikokoteni. Hakuwaambia kuna chakula. Aliwaambia, "Kuna mwanamke wa Kichaga pale nyuma ya kanisa anapika peke yake, na nazi haijui. Nendeni mkamsaidie kupika." Ndiyo maana kila mtu alikuja na kitu. Ndimu, mkaa, chumvi, hata ndoo ya maji. Shangazi, haikuwa shukrani. Walikuwa wamekuja kukusaidia, na wapishi huwa wanakula.

Jana baada ya ibada nilipanda ngazi nikateremsha bango. Mchungaji akauliza kulikoni. Nikamwambia lina kosa. Akasema, "Sikuona kosa la herufi." Nikamwomba anisikilize kwenye baraza la wazee la Jumapili ijayo.

Nisamehe.

Vicky


Machame
16 Juni 2025

Husna,

Vicky ameniandikia yote. Nakuandikia haraka, Abubakary ananisubiri barabarani, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Bango silijui. Nilisifia kitu ambacho sijakiona, kwa sababu mtoto alisema nitafurahi. Picha ile nilimpa aitunze, siyo aitundike. Siku ile naikumbuka. Sahani uliyoinyoosha ilikuwa ya Bi Mwanaidi aliyekuwa amelazwa, ulinisimamia juu ya kichwa ukisema, "Jaza, Mchaga, acha ubahili, mgonjwa huyo." Ulikuwa unanipa amri. Mchoraji ameikata amri yako akabakiza mkono.

Huo ndio ukweli, na ukiuamini au usipouamini, mimi nimeshausema.

Sasa la mtori. Nimekaa nalo tangu juzi. Nimewasimulia wanawake wa usharika, nimewasimulia wageni waliotoka ng'ambo, nimemsimulia marehemu mume wangu mpaka akachoka. Nilisema niliwalisha wapagazi wa Kariakoo kwa sababu nilijifunza chakula wanachopenda. Kumbe walikuja kunihurumia! Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikawa sicheki tena.

Kwa nini hukuniambia, Husna?

Blandina


Kariakoo, Mtaa wa Likoma
24 Juni 2025

Wewe mwanamke,

Nimeuamini. Ningekuwa na akili ningeuamini kabla, maana wewe hata picha ya pasipoti unaogopa. Lakini nilikuwa na uchungu, na mwenye uchungu husoma barua kwa jicho moja.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Ulikuwa na raha. Ulisimama pale na upawa, kitambaa kimekukaa upande, jasho linakutoka, unasema, "Wamependa wali!" Nani angekwambia? Tena baadaye wali ukawa mzuri kweli, ikawa haina maana. Mimi nilisema uongo wa Jumamosi moja, nyinyi wenyewe mkaugeuza kuwa ukweli. Watu walikuja kusaidia, wakasaidia. Wewe ulitaka kulisha, ukalisha. Nani alidhulumiwa?

Nakumbuka vitu vya kijinga. Yule Bi Mwanaidi aliyekuwa akileta pilipili moja, moja tu, anaifunga kwenye ncha ya kanga kama dhahabu. Usipoitia kwenye sufuria mbele yake hali. Siku soko lilipoungua wapagazi walikuja na majivu kwenye nywele, hawana kazi, hawana cha kubeba, na Fikirini akaja na maji tu. Ukamwambia, "Afadhali, maji yalikuwa yamekwisha." Ndoo zilikuwa zimejaa nyuma yako, Blandina. Nilikuona. Siku ile nilisema moyoni, huyu amejua mwenyewe, sina haja ya kumwambia. Leo unasema hukujua. Sijui nani kati yetu anamdanganya mwenzake.

Sasa habari mbaya. Vicky alisimama mbele ya wazee wa kanisa, akasema vizuri, nimeambiwa. Wakamsifu. Lakini mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki ameshalikodi banda, ameshaweka na kufuli lake. Mchungaji wenu amesikitika, ila neno limeshatoka. Tarehe mosi anaingia.

Nilimwambia Vicky asilie mbele ya Fikirini, atamsimulia mtaa mzima. Kisha nikamwambia hivi. Ua wangu upo. Si mkubwa, na jua lake la kuazima. Lakini sufuria zile zinapita mlangoni, nimepima kwa mikono yangu. Hashimu anauliza, majirani watasemaje mama, kanisa uani kwetu? Nikamjibu, watasema wanachosema kila Idi, wanataka kujua tunapika nini.

Nina sharti moja. Watu wa kanisani mkija kwangu, hamji kugawa. Mnakuja na kitu mkononi kama watu. Na Mchungaji naye asiniletee dua tupu, alete chumvi.

Mimi,
Husna


Dar es Salaam
Jumatano, 2 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Sufuria zilihamishwa jana. Fikirini ndiye aliyezibeba kwa mkokoteni, akakataa malipo, akakataa pia msaada, akawa anawapigia kelele watu wa Mtaa wa Sikukuu, "Pisheni, tunahamisha kanisa!" Mchungaji Eliakimu alikuwa nyuma yake na miiko. Nilidhani angekasirika. Aliniambia tu, "Vicky, mwambie huyo kanisa halijahama. Limekwenda kutembelea." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, chumvi ya mawe au ya unga.

Baraza la wazee limeruhusu kamati ipike nje ya kanisa kwa miezi mitatu, halafu litaangalia. Baadhi ya wazee hawakupenda. Mzee mmoja alisema sasa tutajuaje kama huduma ni yetu.

Banda limeshajazwa mabeseni hadi darini. Nilipita jana jioni nikasimama mlangoni. Ukuta wa nyuma bado mweusi kwa moshi wa moto wako. Nilitaka kukwambia kwamba nilisimama tu, sikuwa na la kufanya.

Tunaanza Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Bi Husna anasema bila wewe hawashi moto. Nilimwambia huwezi, magoti, safari ni ndefu. Akasema, "Mwambie nimesema ni miguu tu."

Vicky


Machame
5 Julai 2025

Vicky, marahaba.

Sikulala vizuri kwa sababu ya ukuta ule mweusi. Lakini ukuta hauli chakula.

Mwambie Husna nakuja. Severa wa jirani atanipeleka stendi, nimeshakata tiketi ya basi la asubuhi, Ijumaa tarehe 11. Uje kunipokea, uje na teksi, usinipandishe bodaboda kwa kisingizio cha foleni.

Nimeanza kufikiria nibebe nini, na sijaamua. Miaka yote nilikuwa nawafungulia watu mlango. Sijawahi kufika kwenye sufuria zile nikiwa mgeni, na hapa kitandani nimejaribu kusema "hodi" kwa sauti, ikatoka kama ya mtu mwingine. Nitaizoea njiani.

Mwambie moto uwashwe saa tatu Jumamosi, asiwashe kabla. Nitakuwa mlangoni kwake saa mbili na nusu, na nitabisha.

Shangazi yako,
Blandina